Mutoto mwenye usonji na somo la Kiingereza

"How are you?" mwalimu anauliza. Mutoto anajibu: "How are you?" Darasa lote linacheka. Mwalimu anawaza huyu anamuchezea, anamuandikia sifuri.

Bazazi ba batoto benye usonji, ile wanganga banaita otisimu, banajua hii mambo muzuri. Mutoto hachezee mutu. Bengi kati yao banajifunza kusema kwa kurudilia maneno vile bameyasikia, sentensi nzima mara moja, kisha pole pole banaikata vipande na kuitumia. Kurudilia ni mwanzo wa luga. Kwa hiyo mwalimu mwenye kujua anatoa jibu mbele ya ulizo: anaonyesha "I am fine" yenye kuandikwa ubaoni, anagusa kifua chake, anasema, ananyamaza. Ananyamaza kweli, anahesabu mpaka kumi. Mu darasa la batoto 60, hizo sekunde kumi ni ndefu, tunajua.

Kinachowaumiza zaidi ni "simama, sema!" Macho yote kwake, kelele, mvua juu ya mabati. Ule anayejua jibu nyumbani anakosa hata jina lake. Afazali aseme na mwenzake mumoja, yule yule kila siku, mazungumzo yale yale ya soko: bei gani, nipe mbili, asante. Na tuanze na kile anachopenda. Hapa Lubumbashi malori ya Kasumbalesa yanapita kila saa. Mutoto mwenye kupenda malori atasema "big red truck" kabla ya kusema habari za hali ya hewa. Na mupakani kule, upande wa Zambia, Kiingereza njo luga ya serikali. Atakihitaji.

Kuna bale banaoshauri bazazi: "Acheni Kiswahili nyumbani, luga nyingi zinamuchanganya." Hapana. Uchunguzi uliofanywa juu ya batoto benye usonji haukuonyesha kwamba luga mbili zinawarudisha nyuma. Ukimunyima Kiswahili, atasema na nani mu lupango? Bengine banaokota Kiingereza peke yao mu video za telefone, na sauti ya mule mule. Mwalimu asikilize, aanzie pale.

Sheria iko. Inchi yetu ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kuwalinda. Mulango wa masomo ukafunguliwa, lakini mwalimu wa Kiingereza, nani alimufundisha? Tunalomba kwanza kitu kidogo: pointi za kusema zihesabiwe pia kwa mutoto anayesema na mwenzake pembeni, ao anayeonyesha picha na kutaja jina lake.

Mwanzoni mwa mwaka, mzazi apeleke kwa mwalimu karatasi moja tu: kelele gani inamuogopesha mutoto, kitu gani anapenda, maneno gani ya Kiingereza anasema tayari.