Sauti Inapopotea Kwenye Visikilizio

Katika vikundi vya usikilizaji huko Kinyangiri, wilayani Mkalama, lalamiko linalorudi mara nyingi ni kwamba "Neno limefutika kwenye kadi". Tunazungumzia vile vifaa vidogo vya kuchezesha MP3, vinavyotumia memori kadi na kuchajiwa kwa sola. Mara nyingi hakuna kilichofutika. Kilichoharibika ni visikilizio vya masikioni, yaani hedifoni, au tundu la kuchomekea. Kifaa kikipelekwa kwa fundi Singida mjini bila sababu, kikundi kinakaa bila masomo, na anayeumia zaidi ni mzee asiyeona au mama asiyejua kusoma.

Kabla ya kulaumu kifaa, azima visikilizio vingine, hata vya simu ya jirani, uvichomeke. Sauti ikitoka vizuri, vile vya kwanza ndivyo vibovu. Tatizo likibaki lile lile, tazama tundu. Halafu jaribu vile vinavyoshukiwa kwenye redio au simu ili kupata hakika.

Itazame pini yake. Ina unene wa milimita 3.5 na mistari miwili myeusi inayoigawa sehemu tatu. Ncha hupeleka sauti sikio la kushoto, sehemu ya kati hupeleka kulia, na shina ni la waya wa pamoja unaorudisha umeme kutoka pande zote mbili. Waya wa ncha ukikatika, sikio la kushoto linanyamaza, na hilo kila mtu hulitambua.

Watu hudanganyika unapokatika waya wa pamoja. Sauti ya msomaji hurekodiwa sawasawa pande zote mbili. Bila njia ya kurudi, pande hizo zinasukumana kwa nguvu sawa na umeme haupiti, kwa hiyo msomaji anapotea au anasikika kwa mbali kama yuko kisimani. Lakini vyombo vya kwaya, ambavyo havikugawanywa sawa kushoto na kulia, bado vinasikika. Basi ukisikia gitaa na kinanda lakini Injili haisomwi, usiharakishe kujaza kadi upya. Kagua waya.

Visikilizio vya simu vyenye kipaza sauti vina pini ya sehemu nne, na katika vifaa vingine huleta dalili hiyo hiyo ingawa ni vizima. Bonyeza kitufe chake na kukishikilia. Sauti ikirudi, pini hiyo haipatani na kifaa. Tafuta ya sehemu tatu.

Waya hukatikia karibu na pini au pale unapogawanyika, hasa kwa wanaopenda kuuzungushia kifaa kwa kuukaza. Upinde taratibu huku kifaa kikicheza. Penye mkwaruzo ndipo penye ubovu. Fundi anaweza kukata hapo na kuunga pini mpya, lakini nyuzi za ndani zimepakwa vanishi ya rangi ambayo ni lazima ichomwe au ikwanguliwe, la sivyo risasi haishiki. Kazi nyingi za mafundi wetu hurudi kwa sababu hiyo tu.

Wakati wa kiangazi vumbi na nyuzi za mfukoni hujaa kwenye tundu. Zima kifaa, kisha toa uchafu taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Sindano hupindisha vibati vya ndani, na maji au mafuta ya taa yasiguse kabisa. Na kama spika ya kifaa imenyamaza hata baada ya visikilizio kuchomolewa, huenda swichi ndogo iliyomo tunduni imekwama na kifaa kinadhani pini bado imo. Chomeka na kuchomoa mara kama kumi. Mara nyingi inaachia.

Wazee wasiosikia vizuri huongeza sauti hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kipimo hicho hatuna vijijini, lakini kama aliyekaa pembeni anasikia maneno yanayotoka masikioni mwa mwenzake, ipunguzwe. Vifutwe pia kabla ya kupewa mwingine, na kila kikundi kiweke jozi moja ya akiba sandukuni, waya ukiwa umekunjwa kwa kulegea.