Mahmud Rattansey: Wakili aliyepigania chama alichokatazwa kujiunga nacho (Sehemu ya Pili)

Katika toleo lililopita tuliona jinsi Asian Association ilivyoanzishwa mwaka 1950, na jinsi Mahmud Rattansey, Kantilal Jhaveri na Amir Jamal walivyochagua kusimama upande wa Waafrika. Leo nataka msomaji wa Tukuyu aone kwa nini kazi ya mawakili hao, Rattansey na Jhaveri, ilimgusa hata babu yake aliyekuwa akilima Masoko au Kandete.

Sisi wa Rungwe Mhindi tulimjua dukani. Ndiye aliyeuza nguo, chumvi na mafuta ya taa Tukuyu mjini na kule bandarini Mwaya. Mhindi wakili hatukumzoea, na sheria yenyewe ilichangia.

Chukua mfano wa mtu anayedai ng'ombe zake za mahari. Baada ya sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, shauri lake lilianzia baraza la malafyale, yaani chifu. Akishindwa, alipanda kilima mpaka bomani Tukuyu, akakate rufaa kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya. Huyo ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyewasimamia machifu, na sasa ndiye jaji wake. Asiporidhika, aende kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa gavana. Mahakama Kuu haikuwamo katika ngazi hiyo, na wakili hakuruhusiwa kumsemea mtu barazani. Waingereza walidai kwamba mawakili wangeharibu mila na kuwafilisi wakulima. Mimi naona sababu kubwa zaidi ilikuwa kwamba hawakutaka Bwana Shauri aulizwe maswali na mtu anayeijua sheria. (Mkoloni alipoondoka, mahakama zetu za mwanzo ziliendelea kuwafungia mawakili mlango kwa miongo mingi.)

Ndiyo maana kesi ya mwaka 1958 ilikuwa na uzito mkubwa kiasi kile. Gazeti la Sauti ya TANU, lililohaririwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, lilikuwa limewashutumu Mabwana Shauri wawili kwa jinsi walivyowatendea wananchi. Serikali ikamshitaki kwa kashfa. Akatetewa na D. N. Pritt, Mwingereza aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, na pembeni yake wakakaa Rattansey na Jhaveri. Kwa wiki kadhaa za Julai na Agosti, mwenendo wa watawala wa wilaya ukajadiliwa hadharani jijini Dar es Salaam, mbele ya hakimu, huku umati ukifuatilia. Mwalimu alipatikana na hatia, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Akalipa. Lakini kwa wilaya kama yetu, ambako neno la boma ndilo lililokuwa la mwisho, kule kuhojiwa tu kulikuwa jambo jipya kabisa.

Muda mfupi baadaye ukaja uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Utaratibu huo ulibuniwa ili TANU ibanwe, na UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining, kipate mwanya. TANU ikaugeuza: iliwaunga mkono Wazungu na Waasia wenye msimamo wake. Rattansey akashinda Jimbo la Magharibi. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako Rungwe ilikuwamo pamoja na Kyela ya leo, walishinda John Mwakangale na Lady Chesham.

Jambo moja linanigusa kila ninaposoma habari hizi. Rattansey aliitetea TANU mahakamani na akashinda uchaguzi kwa kura za wafuasi wake, ilhali kadi ya chama hakuweza kupewa. Uanachama ulikuwa wa Waafrika peke yao, na mlango haukufunguliwa mpaka baada ya uhuru. Wapo Wahindi wenzake waliomwona msaliti wa jumuiya yao, na wapo Waafrika waliomtilia shaka. Ulihitajika moyo wa chuma kubaki hapo katikati.

Shaka hiyo ililipuka Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipofikishwa bungeni na baadhi ya wabunge wa TANU wakataka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu alitishia kujiuzulu. Tutaanzia hapo toleo lijalo.