Mifumo Miwili Mizima Inaposhindwa Kuelewana

Huduma ya wavuti ni programu iliyowekwa kwenye seva ili programu nyingine, iitwayo mteja, iiombe taarifa au kazi kupitia mtandao, kama vile mfumo wa chuo unapouliza mfumo wa benki iwapo ada ya mwanafunzi imelipwa. Kwa kuwa pande hizo mara nyingi hutengenezwa na watu wasiofahamiana na kwa lugha tofauti za kompyuta, kila upande unaweza kuwa mzima kabisa na bado mawasiliano yakakwama.

Tatizo hili lilijitokeza mapema. Itifaki ya SOAP 1.1, yaani kanuni za kutuma ujumbe wa XML ndani ya bahasha maalumu, iliwasilishwa kwa shirika la viwango la W3C mwaka 2000, lakini iliacha mianya ambayo kila kampuni iliiziba kwa namna yake. Ndiyo maana mwaka 2002 IBM, Microsoft na wenzao waliunda jumuiya ya WS-I, ambayo mwongozo wake wa mwaka 2004 ulikataza mtindo wa kusimba data uliokuwa umezua mkanganyiko mwingi. Toleo la SOAP 1.2, lililopitishwa mwaka 2003, lilibadilisha hata lebo inayotaja aina ya ujumbe, kutoka text/xml kuwa application/soap+xml. Kwa hiyo seva inayotarajia toleo moja inaweza kuukataa ujumbe wa toleo jingine kwa jibu namba 415, kabla ya kusoma yaliyomo.

Hitilafu nyingine huzaliwa siku ya kuhamisha huduma kutoka kompyuta ya mtengenezaji hadi kwenye seva. Hati ya WSDL, inayomweleza mteja huduma inapatikana wapi na inaitwaje, ikibaki na anwani ya localhost, ambayo kwa kila kompyuta humaanisha kompyuta hiyo yenyewe, mteja ataipokea hati vizuri kisha ataitafuta huduma ndani ya mashine yake mwenyewe.

Zilizo hatari zaidi ni hitilafu zisizotoa onyo lolote. Malipo yaliyofanyika saa 7:30 usiku tarehe 1 Julai kwa saa za Afrika Mashariki huandikwa saa 4:30 usiku tarehe 30 Juni kwenye seva inayofuata saa za UTC. Ujumbe usipotaja ukanda wa saa, mfumo wa serikali ya Kenya au Tanzania unaweza kuyaingiza malipo hayo katika mwaka wa fedha uliokwisha.

Fundi makini, kwa hiyo, hakimbilii kubadilisha programu, bali hufuata safari ya ujumbe hatua kwa hatua: huhakikisha kuwa jina la seva linaelekeza mahali sahihi, kuwa njia haijazibwa, na kuwa cheti cha usalama hakijaisha muda, ndipo hukagua lebo na mwili wa ujumbe. Huunasa ujumbe jinsi ulivyosafiri na kuulinganisha na mwingine uliokubaliwa, kwa sababu tofauti ya herufi moja katika jina la kipengele inatosha kuharibu kazi. Aidha, ujumbe ulionaswa huwapa mafundi wa pande zote mbili ushahidi mmoja wa kuujadili, na hapo ndipo lawama hugeuka kuwa ukarabati.