Lipia Sikio la Fundi Kabla ya Kulipia Spea

Gari likianza kugonga kwenye matuta ya Mapinga au Kerege, mwenye gari wa Bagamoyo ana njia tatu. Atalipeleka kwa fundi wa karibu, atalishusha Dar es Salaam likapimwe kwa kompyuta, au atanunua spea iliyotajwa na jirani na kuifunga kwa kubahatisha. Wengi wanaishia kwenye ya tatu kwa sababu haina usumbufu, na hiyo ndiyo inayokula hela kuliko zote.

Tuanze na safari ya Dar. Kwenda Kariakoo na kurudi ni kama kilomita 140. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 10. Zidisha kwa bei kikomo ya petroli ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ongeza foleni ya Tegeta na siku ya kazi iliyopotea, na bado hujalipa kipimo chenyewe. Kompyuta nayo husoma tu yale yaliyoripotiwa na sensa: plagi isiyochoma vizuri, hewa, joto la injini, mzunguko wa magurudumu. Bushi iliyokatika haina sensa, wala stabilaiza linki iliyolegea, wala shokapu iliyovuja. Gari linagonga, mashine inasema ni zima. Taa ya injini ikiwaka au gari likikosa nguvu, lipa kipimo bila kusita. Ila kama ni mlio wa chini na dashibodi haina taa yoyote, usiondoke mjini.

Unachohitaji ni fundi atakayekubali kupanda gari. Anayesikiliza akiwa amesimama pembeni huku injini inanguruma hawezi kujua sauti inatoka wapi, na anayetaja spea kabla hajazunguka nawe mtaa mmoja anakisia kwa pesa yako. Mlipe muda wake, hata kama siku hiyo hakufungua kitu. Tena kipaji hiki hakitegemei cheti: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, nao mtaani ni wengi.

Tofauti za milio zina maana kubwa mfukoni. Linki iliyokwisha hugonga mara nyingi na kwa wepesi, mwendo ukiwa mdogo, hasa unapotoka kwenye lami na kuingia njia za mashimo. Shokapu iliyokufa hutoa kishindo kizito, kisha gari linaendelea kunesanesa baada ya tuta. Raki ya usukani ikilegea, unaisikia mkononi. Linki ni kitu cha makumi ya maelfu ya shilingi, shokapu za mbele zinaweza kufika laki na zaidi, raki ni laki kadhaa. Zote tatu zinaweza kulia kwenye tuta lilelile, kwa hiyo atakayeanza na raki kwa kukisia atakuwa amelipia shida ya linki mara nyingi zaidi ya thamani yake, na mlio utabaki.

Mvumo unaopanda na mwendo ni habari nyingine. Barabara ya Makofia hadi Msata, kilomita 64 za lami, inafaa sana kuusikiliza. Ukikata usukani taratibu kulia, uzito unaelemea magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi, shuku beringi ya kushoto. Fundi akishapiga jeki, anazungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mwingine ameuweka kwenye springi. Beringi iliyoharibika huleta mkwaruzo hadi kwenye vidole vyake. Hata hivyo tairi lililoliwa upande huvuma vilevile kabisa. Hamisha matairi ya mbele yaende nyuma kabla ya kununua beringi: sauti ikihama, tatizo ni tairi, na umelipa kazi ya kufungua nati tu. Mlio wa "ta-ta-ta" usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gari linaondoka ni sivi-jointi, hauhitaji mjadala mrefu.

Sisi wa pwani tuna milio yetu pia. Gari likilala karibu na bahari, diski za breki hushika kutu usiku mmoja, na asubuhi hukwaruza mara chache kisha zikanyamaza. Usinunue pedi kwa ajili hiyo. Pedi iliyokwisha hulia siku nzima, kwa sababu nyingi zimewekwa kibati cha kugusa diski zinapobaki nyembamba. Na ule mtetemo wa bati gari likiwa limesimama, mara nyingi ni kinga ya joto ya ekzosi iliyoliwa na chumvi; klampu moja inaushika.

Mlio ukishajulikana, ndipo uulize spea ya aina gani. Mimi sinunui mpira wa mtumba hata ukiwa umetoka Japani: bushi na maunti huzeeka hata zikikaa stoo. Beringi ya mtumba nayo hujui imekimbia wapi. Lakini raki au ekseli ya mtumba, ikikaguliwa vizuri, mara nyingi inashinda mpya ya bei ya chini isiyojulikana ilikotengenezwa. Omba risiti, na umwambie fundi akurudishie spea ya zamani uione kwa macho.

Kuna mlio mmoja ambao haulinganishwi na bei yoyote: kugonga kwa kina ndani ya injini kunakofuata kasi ya mzunguko, hasa taa ya oili ikiwa imewaka. Hapo zima gari palepale, iwe Zinga au katikati ya pori la Makurunge, na ulivute. Injini kama ile ya Toyota IST, inayotegemea oili hadi kwenye cheni yake ya taimingi, haitafika gereji kwa miguu yake, na gharama ya kuvuta gari ni ndogo sana mbele ya injini nyingine.