UFAFANUZI KUHUSU VOCHA ZA MASOMO

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaletewa maelezo yafuatayo ili wapate kuufahamu mjadala wa kutumia fedha za umma kulipia masomo katika skuli za binafsi.

1. Maana yake

Vocha ya masomo ni utaratibu ambao fedha za Serikali humfuata mwanafunzi katika skuli iliyochaguliwa na wazazi wake, hata ikiwa ni ya binafsi. Hoja hiyo ilitolewa mwaka 1955 na mchumi wa Marekani, Milton Friedman.

2. Hoja za pande mbili

Wanaouunga mkono husema kwamba mzazi maskini atapata hiari ambayo tajiri anayo tayari, na kwamba skuli zitashindana kuinua kiwango. Wanaoupinga husema kwamba fedha zitazihama skuli za Serikali, ambazo ndizo zinazobaki na watoto waliokataliwa kwengine.

3. Mfano wa Chile

Nchi ya Chile ilianza utaratibu huu kwa taifa zima mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Augusto Pinochet. Skuli za Serikali zilikabidhiwa manispaa, na walimu wake wakaacha kuwa watumishi wa Serikali Kuu. Kila skuli, ya manispaa au ya binafsi iliyojiunga, ililipwa kwa kadiri ya mahudhurio ya wanafunzi.

Wakati huo takriban wanafunzi wanane katika kila kumi walisoma skuli za umma. Kufikia mwaka 2014 walikuwa hawafiki wanne. Hata hivyo, utafiti wa Chang-Tai Hsieh na Miguel Urquiola, uliochapishwa mwaka 2006, haukuona kuwa ushindani huo uliinua wastani wa ufaulu. Kilichoonekana ni wanafunzi wenye uwezo zaidi kuzihama skuli za umma.

Sababu haikuwa vocha peke yake. Skuli za binafsi ziliruhusiwa kuwachuja waombaji, na tangu mwaka 1993 ziliruhusiwa pia kutoza ada juu ya ruzuku. Kwa hivyo, mzazi alipewa haki ya kuomba. Aliyechagua hasa ni skuli.

Baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi ya mwaka 2006 na 2011, kanuni zilibadilishwa. Sheria ya mwaka 2008 iliongeza ruzuku kwa watoto maskini. Ile ya mwaka 2015 ilianza kuondoa, hatua kwa hatua, mchujo, ada na faida katika skuli zinazopokea ruzuku. Pale nafasi zinapokuwa chache, hupigwa kura ya bahati nasibu.

4. Mambo ya kuzingatia

Anayeupima utaratibu huu, popote pale, hana budi kuuliza maswali matatu:

(a) Je, skuli inayopokea fedha za umma inaweza kumkataa mtoto?
(b) Je, inaweza kudai malipo ya ziada?
(c) Je, ni nani atakayewahudumia watoto watakaobaki?

Elimu bila ya malipo ilipotangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba, 1964, shabaha ilikuwa kuondoa ubaguzi mlangoni mwa skuli. Mfano wa Chile unaonesha kwamba ubaguzi huo waweza kurejea hata pale Serikali inapolipa, iwapo ufunguo wa mlango umeachwa mikononi mwa skuli.