Bustani ya Chupani na Miche Yetu ya Mikarafuu

Hapana shaka mwanachama mmoja atauliza: Katibu ana nini hata aandike juu ya maua ya chupani katika karatasi ya wakulima wa karafuu? Twamwomba astahimili, asome mpaka mwisho, kwani khabari hii yahusu kitalu chake.

Karibuni tulikwenda Mwanza kumtazama ndugu yetu akaaye Kirumba, karibu na mwalo wa samaki. Mji ule ni wa majabali, na Ziwa Viktoria liko mbele ya macho. Tulifika katika kiangazi, mvua imekatika na majani ya uani yamekauka. Basi tukastaajabu kuona, dirishani mwa shemeji yetu, mtungi wa kioo wenye kifuniko, na ndani yake begonia ndogo, majani yake hayazidi upana wa ukucha wa kidole gumba, mabichi kama yaliyonyeshewa asubuhi ile.

Tukanyosha mkono tuchukue kikombe cha maji. Akatuzuia.

"La, shemeji! Hii ni ya nne. Tatu za mwanzo niliziua mwenyewe kwa maji. Hii ina wiki tatu sijaitia hata tone."

Siri yake ni hii. Mvuke utokao udongoni na majanini hugota kiooni, ukawa matone, ukashuka tena kwenye mizizi. Jambo hili lilimfunulikia tabibu wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, mwaka 1829, alipoona kangaga na nyasi vimeota katika chupa aliyoifunika. Baadaye makasha ya vioo ya namna hiyo yalichukua miche hai baharini. Mwaka 1876 miche ya mpira ilipelekwa ndani yake kutoka bustani ya Kew, Uingereza, mpaka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka.

Shemeji alitueleza kazi yake kwa taratibu. Kwanza huosha mtungi vizuri. Chini hutandaza kokoto, juu yake makaa yaliyopondwa, kisha udongo mwepesi wa majani yaliyooza, uliochanganywa na mchanga. Begonia zenye shina la kutambaa huziweka juu juu tu, kwani shina likizikwa huoza. Mtungi hukaa penye mwangaza, lakini jua lisiupige, maana kioo kikipigwa na jua huwa tanuri. Jani likifa huliondoa siku ile ile, kabla ukungu haujashika mengine.

Na maji je? Hutazama kioo. Kikiwa na umande kidogo asubuhi, ukaondoka mchana, mambo ni mema. Kikitiririka maji kutwa, hufungua kifuniko mpaka kikauke. Kisipoona umande siku kadhaa, na udongo ukiwa mkavu, ndipo hutia vijiko viwili vitatu.

"Begonia iliyozama maji hulegea majani sawasawa na yenye kiu," akasema. "Ndiyo maana nikaziua tatu. Nilidhani zaomba maji."

Neno hilo lilitunyamazisha. Sisi wenyewe mwaka jana tulipoteza miche 60 ya mikarafuu. Sote twajua kuwa mbegu ya mkarafuu haiwekeki: ikikauka imekufa, basi miche ile hatukuweza kuirudisha mpaka mikarafuu izae tena. Tuliiezekea makuti vizuri, tukaimwagilia asubuhi na jioni, hata siku za mvua. Ilipolegea tukazidisha maji. Ilipokufa tukalaumu ardhi. Kumbe mizizi ilikosa hewa ikaoza, nasi tulikuwa twaizika kwa mikono yetu, kwa mapenzi. Wazee walisema: Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Ndugu wanachama, kitalu hakina kioo cha kutuonya, lakini kidole tunacho. Kabla ya kuinua ndoo, tia kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, rudisha ndoo mahali pake. Mche ukilegea na udongo umelowa, usiongeze maji: chimba mfereji wa kuyatoa, na upunguze makuti kidogo hewa ipite.

Sisi tumekwisha kupanda tena. Safari hii ndoo imekaa mbali na kitalu, ili tupate wasaa wa kufikiri njiani.