Pochi ni Yako? Hebu Tia Sahihi!

Ukidai kwamba ng'ombe fulani ni wako, majirani watakuja kushuhudia. Ukidai shamba, utatoa hatimiliki. Ukidai laini ya simu, utaonyesha kitambulisho. Je, ukidai kwamba pochi fulani ya sarafu za Bitcoin ni yako, utamwonyesha nani, na utamwonyesha nini? Huko hakuna chifu, hakuna meneja wa benki wala afisi ya ardhi. Daftari la Bitcoin lililoanza kuandikwa Januari 2009 liko wazi kwa walimwengu wote, lakini halina jina la mtu hata mmoja. Lina anwani tu, yaani msururu wa herufi na tarakimu, pamoja na sarafu zilizotumwa kwenye anwani hiyo. Kwa hivyo yeyote anaweza kuisonta anwani yenye mamilioni na kusema, "Ile ni yangu, bwana." Lakini wahenga walinena kwamba maneno matupu hayavunji mfupa.

Nilipoligusia jambo hili katika mkutano wa chama chetu, mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu aliruka juu: "Sasa si atoe tu ule ufunguo wake tuuone?" La hasha! Akiutoa, amekwisha. Neno "pochi" lenyewe linapotosha kidogo, maanake ndani ya pochi hiyo hamna sarafu. Mna ufunguo wa siri, ambao ni nambari kubwa ajabu yenye tarakimu zipatazo 78. Aliye na nambari hiyo ndiye awezaye kuzihamisha sarafu, na akishazihamisha hakuna wa kumlilia. Basi swali letu linakuwa gumu zaidi: mtu atathibitishaje kwamba ana siri bila kuitoa siri yenyewe?

Jibu ni kutia sahihi. Si ile ya kalamu, ambayo jamaa mwenye mkono mwepesi anaweza kuiiga (tunawajua wanaoiga za wazazi kwenye fomu za ruhusa). Hii ni sahihi ya hesabu. Chukua kalkuleta yako tufanye moja ndogo. Nitatumia mbinu ya RSA iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Bitcoin hutumia hesabu ya aina nyingine, lakini RSA ni rahisi kuifanya darasani, na wazo lenyewe ni lile lile.

Ufunguo wangu wa siri ni 7. Ufunguo wangu wa hadharani, ambao nimeubandika ubaoni kila mtu auone, ni nambari mbili: 3 na 33. Sasa wewe hutaki kuniamini, kwa hivyo unanipa ujumbe: "Tia sahihi nambari 4." Mimi naenda kando, naandika 4 mara saba na kuzizidisha zote: 4 × 4 × 4 × 4 × 4 × 4 × 4 = 16384. Nagawanya kwa 33 na kuangalia kinachobaki. Kimebaki 16. Hiyo 16 ndiyo sahihi yangu, nakuletea.

Wewe hujui habari ya 7, na huihitaji. Unaichukua 16, unaiandika mara tatu na kuzidisha: 16 × 16 × 16 = 4096. Unagawanya kwa 33. Kinabaki nini? Nne! Ule ujumbe wako umerudi nyumbani. Umejua kwamba aliyetia sahihi anao mwenzake wa ule ufunguo ulioko ubaoni, na siri yangu haijatoka mfukoni.

Bila shaka mwalimu wa hisabati atanicheka, kwani 33 ni 3 × 11, na aliyeyajua hayo ataipata 7 yangu kabla ya kengele kulia. Katika kazi halisi nambari huwa kubwa mno hata tarakilishi zetu za leo haziwezi kurudi kinyumenyume kutoka kwa ufunguo wa hadharani hadi ule wa siri. Ujumbe wenyewe pia huwa maneno, si nambari 4, na programu huyasaga kwanza maneno hayo yakawa nambari moja ndefu. Ukibadilisha herufi moja tu, hata nukta, nambari hiyo hugeuka kabisa na sahihi hukataa.

Hapo ndipo nataka tutulie kidogo. Sahihi 16 ni ya ujumbe 4 peke yake. Ukiniambia nitie sahihi 5, nami nikuletee tena 16, utapiga hesabu na kupata 4, si 5, nawe utajua kuna mchezo. Na mchezo wa namna hiyo umewahi kuchezwa mbele ya dunia nzima.

Bitcoin ilibuniwa na mtu, au watu, wanaojulikana kwa jina la bandia la Satoshi Nakamoto, aliyetoa waraka wake Oktoba 2008. Mnamo Mei 2016 Mwaustralia aitwaye Craig Wright alitangaza kwamba Satoshi ni yeye. Alichapisha sahihi iliyotokana kweli na ufunguo wa Satoshi, akiwafanya wasomaji waamini kwamba ameitia kwenye maandishi ya Jean-Paul Sartre. Haikupita muda wataalamu wakaipekua. Lo! Sahihi ilikuwa ya Satoshi kweli, lakini ilinakiliwa kutoka kwa malipo ya mwaka 2009 yaliyokuwa wazi katika daftari miaka yote hiyo. Alileta 16 ya zamani. Alikuwa pia amemwonyesha mtaalamu Gavin Andresen uthibitisho faraghani huko London, na Andresen akasadiki, ila hakuruhusiwa kuondoka na nakala ya sahihi hiyo ili aikague mwenyewe. Siku chache baadaye Wright akasema hana ujasiri wa kutoa ushahidi zaidi.

Kilichonichekesha zaidi kilitukia Mei 2020. Katika kesi iliyokuwa Florida, Marekani, Wright alikuwa amewasilisha orodha ya maelfu ya anwani za Bitcoin akidai ni zake. Basi mtu asiyejulikana akatokea na ujumbe wa kumwita Wright mwongo na laghai, na ujumbe huo ulitiwa sahihi kwa funguo za anwani 145 zilizomo katika orodha ile ile! Kila aliyetaka aliingiza anwani, ujumbe na sahihi katika programu yake, akapata jibu: ni halali. Wenye funguo walinena bila kutaja majina yao. Hatimaye, tarehe 14 Machi 2024, Jaji Mellor wa Mahakama Kuu huko London aliamua kwamba Wright si Satoshi. Kesi hiyo ilichukua wiki kadhaa na mawakili wengi, ilhali mwenye ufunguo angetia sahihi sentensi moja kwa dakika moja.

Kwa hivyo anayeshuku ndiye achague maneno. Mwambie mdai aandike jina lake, tarehe ya leo, sababu ya uthibitisho, na neno lolote la ajabu ulilolibuni papo hapo, mathalani "kunguru wa bweni 41". Halafu kagua kwa programu yako mwenyewe, si kwa simu yake yeye.

Tusiitwike sahihi mzigo usio wake, lakini. Inathibitisha kwamba ufunguo uko mikononi mwa aliyetia sahihi wakati huo. Haisemi aliupata wapi, na mwizi wa ufunguo atatia sahihi nzuri kama ya mwenyewe. Tena aliyeziacha sarafu zake kwa kampuni ya kubadilishia hawezi kutia sahihi ya anwani hiyo, kwani ufunguo unakaa na kampuni. Na ole wako ukitia sahihi usichokisoma! Katika sarafu nyingine, kama zile za mtandao wa Ethereum, ujumbe uliotiwa sahihi unaweza kuwa ruhusa ya kuchukua mali yako. Wapo pia matapeli wanaosema, "Nitumie yale maneno yako 12 nihakikishe pochi ni yako." Umeona kwenye 7 yangu kwamba mkaguzi haihitaji siri. Anayeiomba hakagui, anachota.

Mimi 7 yangu nimeshaichapisha humu, kwa hivyo kuanzia leo sahihi yangu haina thamani hata ya mandazi. Lakini ufunguo wa hadharani, 3 na 33, bado unafanya kazi ya kukagulia. Wapenda fumbo, haya: ujumbe 7 una sahihi 28, na ujumbe 9 una sahihi 14. Moja ni halali, na nyingine imenakiliwa kutoka kwa ujumbe mwingine. Ni ipi, na ujumbe huo mwingine ulikuwa nambari gani? Majibu apelekewe katibu wa chama, na hesabu zote zionyeshwe.